Nukta Zilizopanda Mlima

Nukta zilikuwa nyekundu kwa sababu Dakta Wenseslaus alitaka ziwe nyekundu. Eliaichi alikuwa amezipaka rangi ya chungwa.

"Rangi ya chungwa ni ya watu wanaositasita," Dakta alisema, amesimama nyuma ya kiti cha Eliaichi na kikombe cha kahawa mkononi. "Mtu wa wilaya akiitazama ramani yetu asianze kujiuliza maswali. Aone nyekundu, ajue hapa pana wizi. Badilisha."

Eliaichi akabadilisha. Akabofya mara mbili tu, na pembe yote ya kaskazini ya Bwawa la Ngurunga ikageuka kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Ijumaa kingekaa kikao cha kuamua kama bwawa lifungwe tena. Lilikuwa limewahi kufungwa miaka miwili mizima, samaki walipokuwa wamekwisha hata nyavu zikawa zinatoka na matope. Halafu likafunguliwa, na mradi wa Dakta ukapewa kazi ya kuangalia kama samaki wanarudi na wavuvi wanavua wapi. Wavuvi kumi na wawili walipewa kila mmoja kifaa kidogo cheusi, ukubwa wa kiberiti, kinachoandika mahali alipo kila baada ya dakika tano. Eliaichi ndiye aliyevigawa. Eliaichi ndiye aliyekwenda kila mwisho wa mwezi kutoa yaliyomo, akarudi mjini Moshi, akayageuza kuwa ramani. Kwa cheo aliitwa mchambuzi wa taarifa za kijiografia. Kule bwawani aliitwa dada wa ramani, na vifaa vyake viliitwa chawa, kwa sababu vilimganda mtu na kumnyonya siri.

Na samaki walikuwa wamerudi kweli. Perege walionekana karibu bwawa zima, isipokuwa kwenye ile pembe ya kaskazini, kwenye matete, mahali ambapo ndipo hasa wangetakiwa kuwa wengi kuliko kote. Pale ndipo mazalia. Perege wadogo hujificha kwenye mashina ya matete mpaka wapate ukubwa wa kujitetea. Uvuvi pale ulipigwa marufuku siku zote, bwawa liwe wazi au limefungwa. Na pale ndipo nukta zilipokuwa zimerundikana kama nzi kwenye kidonda.

"Dakta," Eliaichi alisema, "kuna jambo kuhusu saa."

"Saa zipi tena?"

"Hizi nukta za kwenye matete. Zote ni kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana. Nyavu hutegwa jioni, huvutwa alfajiri. Saa tatu mvuvi yuko nchi kavu anakunywa uji."

"Mwizi ana ratiba?"

"Na siku ni zile zile. Jumatatu na Alhamisi. Nani anaiba kwa ratiba ya kwaya?"

Dakta alicheka, akapiga funda la kahawa. Alikuwa mtu mzuri, mtoto wa Kilema, mlimani, aliyesoma mpaka akachoka, na tatizo lake lilikuwa moja tu: akishaandika sentensi hakuwahi kuifuta. "Eli, binti yangu, wewe una macho makali sana. Lakini ripoti imeshapita kwa watu watatu. Fungu la pili la fedha za mradi linaingojea. Wapo kwenye mazalia, hawapo?"

"Wapo."

"Basi wanavua. Mtu na mtumbwi wake, ndani ya mazalia, anafanya nini kingine? Anachumbia?"

Eliaichi akaihifadhi ile ramani nyekundu, lakini zile saa zikaendelea kumchoma.

*

Jumanne alichukua pikipiki ya ofisi akashuka. Akapita Mabogini, maji ya mifereji yaking'aa kwenye mashamba ya mpunga, kisha vumbi, kisha vumbi zaidi, mpaka harufu ya samaki wa kukaangwa ikamwambia amefika. Ilikuwa Septemba. Mlima nyuma yake ulikuwa umejifunika shuka la wingu mpaka kifuani, na huku chini jua lilikuwa linakausha hata mate.

Wavuvi walikuwa wameketi chini ya turubai wakishona nyavu. Katikati yao alikuwa Yassin, mzaliwa wa Pasua mjini, mwanaume wa miaka hamsini na kitu mwenye mikono kama makasia. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wavuvi, na chawa wake alikuwa namba saba.

"Shikamoo mzee Yassin. Shikamooni."

"Marahaba. Dada wa ramani, karibu. Mwezi haujaisha, umefuata nini?"

"Nimefuata jambo moja. Naomba mnisaidie kabla ya Ijumaa. Asubuhi, Jumatatu na Alhamisi, mnafanya nini kule kwenye matete?"

Sindano za kushonea nyavu zilisimama zote kwa pamoja. Halafu zikaendelea zote kwa pamoja, na hicho ndicho kilichomtia hasira: walivyojua kunyamaza kwa mpangilio.

"Kule hakuendeki," alisema Yassin. "Ni mazalia."

"Chawa wako anasema unakwenda."

"Basi muulize yeye."

Wakacheka. Eliaichi alihisi masikio yakipata moto. "Mzee wangu, mnacheka, na mimi nina ramani inayowafungia bwawa miaka miwili. Mnataka hivyo? Niambieni tu. Hata kama ni jambo baya, niambieni!"

Mmoja alipiga chafya.

Aliyemjibu alikuwa Sikudhani, mwanamke mnene wa maneno makavu, aliyekuwa akikaanga perege kwenye karai hatua chache kutoka pale. Sikudhani aligeuza samaki, akafuta mkono kwenye kanga, akamtazama Eliaichi kuanzia viatu mpaka kofia.

"Mwenzangu, wewe umesoma?"

"Nimesoma, mama."

"Mpaka wapi?"

"Chuo kikuu."

"Na huko chuoni walikufundisha kwamba mvuvi, bwawa likifungwa miaka miwili, watoto wake wanakula nini?"

Eliaichi akafungua mdomo.

"Usijibu. Ulikuja hapa na karatasi yako ya maswali. Unavua wapi, unavua nini, unavua kwa wavu wa macho mangapi. Kurasa sita! Sikusikia hata moja inayouliza, usipovua unafanya nini." Akatumbukiza samaki mwingine, mafuta yakapiga kelele. "Uliwaambia hao wanaume wasikiache kidude chako, watembee nacho. Ni watiifu, wametembea nacho. Kimetembea kuliko wewe. Sasa nenda ukakiulize kinakolala, mimi nina wateja."

"Sikudhani!" Yassin alifoka.

"Nimesema nini? Nimesema samaki."

*

Alirudi mjini na vumbi kwenye meno. Njia nzima alikuwa anabishana na Sikudhani kichwani, akimshinda kwa hoja nzuri ambazo hazikumjia pale karaini. Lakini alipopaki pikipiki, neno moja lilikuwa bado limemkwama. Kinakolala.

Kwa sababu ukweli ni kwamba yeye hakujua vilikolala. Kazi ya kwanza aliyoifanya kila mwezi ilikuwa kusafisha. Alichukua nukta zote, akachora mpaka wa maji ya bwawa, na kila nukta iliyoangukia nje ya mpaka akaifuta. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo kila mtu anavyofanya: unasoma uvuvi, unabaki na maji. Zilikuwepo pia nukta zilizokwenda mbali kabisa, mpaka mjini, mpaka juu kwenye miteremko. Hizo alikuwa ameziandikia maelezo mafupi pembeni: makosa ya kifaa. Mtumbwi haupandi mlima.

Alifungua faili la zamani, lile ambalo halijaguswa. Akalimwaga lote juu ya picha ya setilaiti bila kukata chochote.

Mwanzoni aliona fujo tu. Kisha akachagua namba saba peke yake, Alhamisi peke yake, akaziunganisha nukta kwa mstari kufuata saa zake. Saa kumi na moja alfajiri, katikati ya bwawa. Saa moja, ufukweni. Saa tatu, kwenye matete. Saa sita, ufukweni tena. Na saa saba mstari ukauacha ufukwe, ukashika barabara ya vumbi, ukapita Mabogini, ukapita mjini bila kusimama, ukaanza kupanda. Haukuyumba hata kidogo. Ulifuata kila kona ya barabara. Kosa la kifaa halifuati kona.

Ulipanda kwenda Old Moshi. Ukapita shule. Ukapita kanisa. Ukasimama hapa kidogo, pale kidogo, kama mtu anayegawa kitu nyumba kwa nyumba. Kituo kirefu kuliko vyote, kila Alhamisi, dakika ishirini nzima, kilikuwa kwenye kihamba kimoja, shamba la nyumbani la migomba kando ya mfereji, chenye nyumba ya bati jekundu na banda nyuma yake.

Eliaichi alilitambua lile bati kabla akili haijakubali. Lilikuwa ni la mama yake. Yeye mwenyewe alikuwa analala chini yake kila siku.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti, peke yake ofisini. "Majani."

*

Mtu asiye wa huko huenda asielewe, kwa hiyo na tuelewane. Miteremko ya Kilimanjaro haina malisho. Kila kipande ni mgomba na mbuni wa kahawa, na chini ya mgomba ni maharage. Ng'ombe hatembei, anakaa bandani mwaka mzima kama mgonjwa wa heshima na kuletewa chakula mdomoni. Wakati wa mvua unamkatia kingoni. Wakati wa kiangazi majani yanatoka tambarare, yanapandishwa kwa gari, na unayanunua getini kwako. Ndivyo ilivyo, na hakuna anayeuliza yamekatwa wapi, kama asivyouliza mtu wa mjini maji ya bomba yametoka mto gani.

Alhamisi hakwenda kazini. Alimwambia mama yake anaumwa kichwa, jambo ambalo halikuwa uongo, akaketi kwenye ngazi ya jikoni kungoja. Mama, mjane wa mwalimu, mzee wa kanisa na mtumishi mwaminifu wa ng'ombe mmoja aitwaye Sifa, alimpita na ndoo mara tatu kabla hajasema kitu.

"Kichwa gani kinachoumia kikiangalia geti?"

"Mama, majani ya Sifa yanatoka wapi?"

"Kwenye gari."

"Kabla ya gari?"

"Eliaichi, mimi niliyenunua gunia zima la chumvi ya ng'ombe nisijue utamu wake, ndiyo nitajua majani yalikozaliwa? Yanakuja mabichi, Sifa anakula, maziwa yanashuka. Hata ada yako ya chuo ilipita kwenye kiwele hicho. Msalimie tu na umshukuru."

Saa nane na robo gari dogo la mizigo liliunguruma kwenye kona, limeshonwa majani mpaka linaonekana kama kichaka kinachotembea. Mtu akaruka kutoka juu ya mzigo, akabeba mzigo wa kwanza kichwani, akapita getini huku akipiga hodi kwa sauti ya mwenyeji.

"Mama Sifa! Leo nimekuchagulia malaini, machipukizi matupu!"

Ilikuwa ni sauti ya Yassin. Alipoinua uso na kumwona Eliaichi kwenye ngazi, mzigo ulimshuka wenyewe.

"Lahaula," alisema.

"Shikamoo mzee Yassin."

Yassin alitazama nyumba, akamtazama mama, akamtazama tena Eliaichi. "Wewe ni wa hapa?"

"Nimezaliwa chumba kile."

"Mnajuana?" mama akauliza kwa furaha. "Huyu ndiye mkombozi wangu, Eli! Mwaka wa nne sasa, kiangazi chote."

Mwaka wa nne. Eliaichi alihesabu kurudi nyuma. Mwaka wa kwanza wa hiyo minne ndio mwaka bwawa lilipofungwa.

Mama alipokwenda kumletea mgeni maziwa ya mtindi, wakabaki wawili na ule mzigo wa matete mabichi, ukinukia tope la bwawa. Eliaichi aliinama akavuta shina moja. Lilikuwa limekatwa chini kabisa, kwenye maji. Kwenye ncha iliyokatwa palikuwa na gamba dogo la samaki, dogo kama kucha ya mtoto.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tukwambie nini?" Yassin alijibu taratibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka siku nyingi. "Mlitufungia bwawa. Tukasema sawa, tukaweka nyavu chini. Watu wakauliza tutaishi kwa nini, mkasema tuanzishe vikundi. Tukaanzisha kikundi. Hiki hapa. Tulikata majani tukaishi, na bwawa lilipofunguliwa tukaona samaki hawatoshi wote, tukaendelea kukata. Hatuvui kule. Wallahi hatujatega hata ndoano kule."

"Najua. Lakini mnakata nyumba ya vifaranga. Ndiyo maana pembe ile haina kitu."

"Na mimi najua. Unadhani mvuvi hajui perege anazaa wapi?"

"Sasa!"

"Sasa nini? Nikikwambia nakata, mtafunga majani. Nikinyamaza, mtafunga bwawa. Bwawa lishawahi kufungwa, tukaishi kwa majani. Majani yakifungwa, sijui tutaishi kwa nini. Nimechagua ninachokijua." Akainua kile kidude cheusi kutoka mfuko wa koti, akakitazama. "Huyu chawa nilitaka kumwacha nyumbani. Ila ulisema tutembee naye, na nilikuwa nimekupa neno."

Mama akarudi na vikombe vya mtindi. Wakanywa, wote watatu, na bandani Sifa akaanza kutafuna, kwa utulivu wa kiumbe ambaye hajawahi kuitwa kwenye kikao.

*

"Hapana," Dakta alisema alasiri hiyo, Eliaichi aliposhuka ofisini kumwonyesha mistari.

"Dakta, si wizi wa samaki. Tukifunga bwawa watakata mara mbili. Kufunga ndiko kulikoanzisha kukata! Angalia."

"Nimeangalia." Kidole chake kilikuwa juu ya kioo, si kwa Yassin, bali kwa namba kumi na moja, ambaye mstari wake ulikwenda upande wa Kilema, ukasimama kwenye nyumba moja kubwa yenye mabanda matatu. Akaondoa kidole kana kwamba kioo kimeunguza. "Hizi ni takwimu za nje ya eneo la utafiti. Hatuna kibali cha kufuatilia watu barabarani. Kesho tunaonyesha ramani iliyopita."

"Pale ni kwako?"

"Eliaichi."

"Nauliza tu, Dakta. Hata kwetu mstari umefika."

"Ramani iliyopita," alisema Dakta, na akafunga mlango wa ofisi yake taratibu, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Eliaichi aliketi mpaka chai ikapoa. Alikuwa na ramani mbili. Moja ilikuwa ya uongo na ingefunga bwawa. Nyingine ilikuwa ya kweli, na mzee aliyekunywa mtindi kwao alikuwa amemwomba, bila kumwomba, asiionyeshe. Alitamani mtu wa kumpigia kelele. Alitamani mno mtu mmoja awe mbaya, amchukie, aishie hapo. Akamtafuta huyo mtu kwenye kila nukta, hakumpata. Mwisho alichofanya ni kimoja: alifuta majina na namba zote za wavuvi, akabakiza mistari bila wenyewe.

*

Ijumaa ukumbi wa kata ulijaa. Mbele waliketi watu wa wilaya, diwani Primus na suti yake, na Dakta. Nyuma wavuvi, na kwenye dirisha Sikudhani, aliyekataa kiti. Eliaichi ndiye aliyeshika kompyuta. Dakta aliposema, "Tuone sasa ramani yetu," Eliaichi akabofya.

Haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya kijani, na haikuishia kwenye maji. Mistari ilitoka kwenye pembe ya bwawa kama mizizi iliyopinduliwa, ikapanda, ikapanda, ikasambaa kwenye miteremko yote.

"Hii si..." Dakta alianza.

"Hii ni ramani ya majani ya ng'ombe," Eliaichi alisema haraka, kabla ujasiri haujamtoroka. "Hakuna anayevua kwenye mazalia. Matete yanakatwa pale tangu bwawa lilipofungwa, kwa sababu watu walikosa kazi. Samaki wadogo wanakosa pa kujificha. Yanayokatwa yanakwenda huku juu. Kituo hiki ni banda la mama yangu."

Kisha diwani Primus akainama mbele, akavaa miwani.

"Hebu rudi pale. Pale kwenye njia panda. Hiyo si nyumba yangu?"

Mtu akacheka nyuma. Kisha wavuvi wote wakacheka, kicheko kirefu cha watu waliokuwa wamejiandaa kulia, na hata mtu wa wilaya akafunika mdomo, maana na yeye alikuwa na mtamba wa ng'ombe bandani kwake Kibosho, mlimani. Kwa dakika moja nzuri Eliaichi aliamini kwamba mambo yatakwenda.

Ndipo Dakta aliposimama na kukohoa. "Kama utafiti wetu ulivyobaini," alisema, "tatizo si uvuvi." Akaeleza vizuri sana, kwa sentensi zilizonyooka, jambo ambalo jana yake alilikataa. Alipomaliza wakampigia makofi.

Na uamuzi ulikuja upesi, kama maamuzi yanavyokuja wakati watu wana njaa na wali uko tayari. Bwawa lisifungwe. Ukataji wa matete upigwe marufuku, bwawa zima, kuanzia leo.

"Si bwawa zima!" Eliaichi alisimama. "Upande wa kusini hawazai, matete ya kule yanaweza kukatwa kwa zamu. Ninaweza kuonyesha mahali penyewe, mita kwa mita. Mkizuia yote bila kuwapa njia, watarudi pale pale. Tumeshaona!"

"Hoja nzuri," mwenyekiti wa kikao alisema. "Iletwe kwa maandishi. Kikao kijacho."

"Kikao kijacho ni lini?"

"Robo ijayo ya mwaka. Tufunge kwa sala."

Nje, wavuvi kadhaa walimpa mkono. Yassin hakumpa. Alipita na kofia mkononi, akaenda kusimama mbali, akiliangalia bwawa lililobaki wazi. Sikudhani ndiye aliyekuja, akasimama naye bega kwa bega.

"Umetuokoa mkono mmoja, ukatukata mwingine," alisema.

"Nimejaribu, mama. Mmeona nilivyosema."

"Nimeona. Sijasema hukujaribu. Unalia?"

"Hapana, nina hasira."

"Afadhali hasira," Sikudhani alisema, akaondoka.

*

Alhamisi iliyofuata gari halikuja. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Sifa alianza kulia bandani, kilio cha ng'ombe aliyezoea kuheshimiwa, na mama akatoka jikoni na panga, akalitia mkononi mwa binti yake bila salamu.

"Kata mgomba."

Eliaichi alikata mgomba uliokwisha kuzaa, akaukatakata vipande, maji yake yakimwagika na kutia madoa blauzi ya kazini. Akambebea Sifa karai zima. Sifa alinusa, akatafuna mara mbili, akatema.

"Mpe ramani," mama alisema.

"Mama, tafadhali."

"Sijasema umekosea. Nasema ng'ombe ana njaa. Hayo ni mambo mawili." Mama alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu. "Ungeniuliza mimi kabla hujawaambia wakubwa. Ningekwambia hao hawajui kupunguza. Wanajua kufungua na kufunga, kama mtu mwenye mlango mmoja."

Geti likalia. Halikuwa gari, alikuwa Yassin kwa miguu, bila mzigo, jasho likimtiririka kwa kupanda kutoka barabarani. Alimwamkia mama vizuri, akakataa kiti. Kisha akatoa kile kidude cheusi mfukoni akakiweka kwenye ngazi ya jikoni, karibu na panga.

"Chukua chawa wako."

"Mzee Yassin, mimi..."

"Ngoja nimalize. Jana wawili wameingia kule pembe ya kaskazini kukata. Kwa siri, alfajiri. Nimewafukuza. Kesho wataingia watano, na sitaweza kufukuza watano." Akapangusa uso kwa kofia. "Ulisema pale ukumbini upande wa kusini hawazai. Mita kwa mita, ulisema. Ulisema kweli au ulikuwa unawajibu wakubwa?"

"Kweli."

"Basi nionyeshe. Tutapanga zamu wenyewe na tutaweka vigingi vya mpaka. Wakitukamata, watukamate mahali ambapo hatuui kitu."

"Wakiwakamata watasema mimi ndiye niliyewachorea."

"Watasema," Yassin alikubali.

Eliaichi alimtazama mama yake. Mama alikuwa anatazama mbuni kana kwamba ndio mara ya kwanza anauona. Mfukoni mwake Eliaichi alikuwa na karatasi ya ajenda ya kikao cha Ijumaa, imekunjwa mara nne, nyuma yake nyeupe. Akaifungua, akailaza kwenye ngazi, akaiwekea panga juu isipeperuke.

"Hapa ndipo mwalo, mnapoegesha mitumbwi," alisema, akianza kuchora. "Kutoka kwenye karai la mama Sikudhani, unahesabu mikondo miwili kwenda kusini."

"Mitatu," Yassin alisema, akichuchumaa. "Wa katikati umekauka tangu Julai, lakini upo. Setilaiti yako haijui?"

"Inajua. Mimi ndiye niliyeufuta nikisafisha."

Akaurudisha mkondo mkavu mahali pake kwa kalamu, mstari wenye vidoti, huku nyuma yao Sifa akisukuma karai la mgomba kwa pua mpaka likapinduka.